Historia ya Tatizo la Kuhifadhi Mchezo katika Matoleo Yasiyo na Kufuli la Kidijitali: Mfano wa Michezo ya Chemshabongo ya Reli

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya namna michezo ya chemshabongo ya reli ilivyohifadhi hatua aliyofikia mchezaji, tangu mafumbo yaliyochapwa vitabuni mwanzoni mwa karne ya 20 hadi matoleo ya kompyuta yanayouzwa leo bila kufuli la kidijitali. Hoja kuu ni kwamba programu za maduka ya kidijitali zilikuwa zimeunganisha kazi mbili: kumdhibiti mnunuzi na kumtunzia kumbukumbu zake. Kufuli lilipoondolewa, kazi ya kwanza iliachwa kwa kutangazwa, ilhali ya pili iliondoka kimyakimya bila mrithi aliyetajwa. Makala yanaonesha kwamba sehemu kubwa ya matatizo ya kuhifadhi yanayojitokeza katika matoleo hayo yanatokana na pengo hilo, na yanapendekeza kwamba faili la hifadhi lihesabiwe kuwa sehemu ya kile kinachonunuliwa, na vilevile sehemu ya kile kinachopaswa kutunzwa katika nyaraka.

1.0 Utangulizi

Mchezo wa chemshabongo ya reli humpa mchezaji uwanja wenye stesheni, mabehewa na nafasi finyu, kisha humtaka atafute mpangilio utakaowezesha kila treni kufika inakotakiwa. Katika Cosmic Express (2017), mchezaji huchora njia moja ya reli isiyojikata, nayo treni hupita ikichukua abiria na kuwashusha panapowafaa. Katika Train Valley (2015), hujenga reli baina ya stesheni na kubadili mwelekeo pale njia zinapogawanyika ili treni zisigongane. Katika Mini Metro (2015), huunganisha stesheni za jiji linalokua kila wiki, mpaka msongamano wa abiria katika stesheni moja unapoumaliza mchezo.

Michezo hii ina sifa moja inayoifanya ifae kwa uchunguzi huu. Katika michezo mingi ya kusisimua, kinachohifadhiwa ni mahali mhusika alipofika na mali aliyokusanya. Katika chemshabongo ya reli, kinachohifadhiwa ni njia ambayo mchezaji mwenyewe ameibuni. Faili la hifadhi ni rasimu ya fikra zake. Likipotea, hawezi kulirudisha kwa kukimbia upya alikokwisha kupita. Analazimika kufikiri tena alichokwisha kukifikiri, na fumbo lililokwisha kufumbuliwa halirudi kuwa fumbo lilelile.

Istilahi mbili zinahitaji kufafanuliwa. Kufuli la kidijitali, linalojulikana kwa kifupi kama DRM, ni utaratibu wa kiprogramu unaomtaka mnunuzi athibitishwe kabla ya kutumia alichonunua, mara nyingi kwa kupitia akaunti na seva ya muuzaji. Toleo huru, kama litakavyoitwa humu, ni lile linaloweza kunakiliwa, kusakinishwa na kuchezwa bila uthibitisho huo. Swali linaloongoza makala haya ni hili: muuzaji alipoacha kushika ufunguo, ni nani aliyebaki kutunza kumbukumbu za mchezaji?

2.0 Kutoka Karatasi hadi Nywila

Chemshabongo ya reli ni kongwe kuliko kompyuta. Sam Loyd wa Marekani na Henry Dudeney wa Uingereza walitunga mafumbo ya treni mbili zinazokutana kwenye njia moja yenye kichochoro kifupi cha kupishana. Mafumbo ya aina hiyo yamo katika mkusanyo wa Loyd uliotoka mwaka 1914 na katika kitabu cha Dudeney cha mwaka 1917. Msomaji alitumia vipande vya karatasi au sarafu badala ya mabehewa. Akitaka kupumzika, aliviacha mezani. Tatizo la kuhifadhi halikuwapo kwa kuwa fumbo, kifaa na kumbukumbu vilikuwa mikononi mwa mtu mmoja.

Mashine za kuchezea za kulipia kwa sarafu ziliondoa uwezo huo. Loco-Motion ya Konami (1982) ilimtaka mchezaji atelezeshe vigae vyenye vipande vya reli ili treni isiishiwe njia. Kilichobaki baada ya mchezo kilikuwa alama tu. Njia yenyewe ilifutika. Mmiliki wa mashine alitaka mchezaji aanze upya na kulipa upya, hivyo kuhifadhi kungepingana na biashara yake.

Kompyuta za nyumbani zilileta ufumbuzi wa kati, yaani nywila. Mchezo wa Vlak, uliotungwa na Miroslav Němeček na kutolewa mwaka 1993 katika Jamhuri ya Cheki, ulikuwa wa treni inayokusanya vitu na kurefuka kwa kila kitu inachokiokota. Kila ngazi ilikuwa na nywila yake, na aliyeiandika kwenye daftari aliweza kuendelea siku yoyote, kwenye kompyuta yoyote yenye mchezo huo. Hapa kumbukumbu ilirudi kwenye karatasi, na mtunzaji wake alikuwa mchezaji mwenyewe.

Nywila ilitosha kwa sababu ngazi zilifuatana kwa mstari mmoja. Mchezo wenye ngazi 60 zinazofuatana unahitaji kukumbuka namba moja tu isiyozidi 60, yaani biti 6, ambazo herufi 2 zinaweza kuzibeba ikiwa alfabeti ina alama 32. Lakini mtunzi akimruhusu mchezaji afumbue ngazi hizo 60 kwa mpangilio wowote, kila ngazi huhitaji biti yake, na nywila hurefuka kufikia herufi 12. Akitaka kuhifadhi pia umbo la njia iliyochorwa katika kila ngazi, karatasi haitoshi tena. Cosmic Express huwafungulia wachezaji ngazi kadhaa kwa wakati mmoja kwenye ramani yenye matawi; Mini Metro huhifadhi jiji zima likiwa katikati ya wiki, pamoja na foleni ya kila stesheni. Kukua kwa fani yenyewe kuliilazimisha kumbukumbu ihame kutoka kwenye daftari na kuingia katika faili ambalo mchezaji halioni.

3.0 Faili Kando ya Programu

Katika enzi ya DOS na Windows za mwanzo, faili la hifadhi lilikaa ndani ya folda ya mchezo. Aliyenakili folda alinakili vyote viwili, mchezo na kumbukumbu. Utaratibu huo ulikuwa rahisi kueleweka, lakini ulitegemea dhana kwamba kila programu ina ruhusa ya kuandika mahali ilipo.

Dhana hiyo ilivunjwa na Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma Januari 2007. Kwa ajili ya usalama, programu za kawaida zilinyimwa ruhusa ya kuandika katika folda ya Program Files. Ili programu kongwe zisikwame, mfumo ulizielekeza kwa siri zikaandike katika folda nyingine iitwayo VirtualStore, ndani ya folda ya mtumiaji. Mchezo uliamini kwamba umehifadhi mahali pake; mchezaji alipofungua folda ya mchezo hakuona kitu. Aliyenakili folda hiyo kwenda kwenye kompyuta mpya alibeba mchezo bila kumbukumbu zake. Iwapo mchezo uliendeshwa siku moja kwa mamlaka ya msimamizi na siku nyingine bila mamlaka hayo, kumbukumbu ziligawanyika mahali pawili, na mchezaji akadhani zimefutika.

Apple nayo ilichukua hatua inayofanana mwaka 2016 katika macOS Sierra. Programu iliyopakuliwa kutoka intaneti na kufunguliwa palepale ilipopakuliwa, kabla mtumiaji hajaihamisha, iliweza kuendeshwa kutoka mahali pa muda pasipoandikika. Mchezo uliozoea kuandika kando yake haukuwa na pa kuandika. Hatua hizi mbili zilikuwa na sababu nzuri za kiusalama. Hata hivyo, zilibadili maana ya kuhifadhi: kumbukumbu haikuwa tena mali ya folda ya mchezo, bali ya akaunti ya mtumiaji katika mfumo endeshi.

4.0 Kufuli na Mtunzaji

Steam, duka la kampuni ya Valve, lilianza Septemba 2003, na mwaka uliofuata wanunuzi wa Half-Life 2 walilazimika kulitumia. Mwanzoni programu hiyo ilionekana na wengi kuwa mlinzi wa mlango tu. Mwaka 2008 ikaongezewa huduma ya wingu: faili la hifadhi lilipelekwa kwenye seva za muuzaji na kurudishwa kwenye kompyuta yoyote ambayo mchezaji aliingia kwa akaunti yake. Mlinzi akawa pia mtunza ghala. Watunzi wa michezo waliweza kuiomba programu ya duka iwahifadhie faili, nayo ikaliweka katika folda yake yenyewe, chini ya namba ya akaunti ya mnunuzi.

Mwaka huohuo wa 2008, CD Projekt ya Poland ilianzisha GOG, duka lililouza michezo ya zamani bila kufuli. Mei 2010 kikatoka kifurushi cha kwanza cha Humble, nacho kikiwa bila kufuli, na mwaka 2013 likaanza itch.io, ambako watunzi binafsi huweka kazi zao moja kwa moja. Mini Metro ilitokana na shindano la utunzi wa michezo la Ludum Dare la Aprili 2013, ikakamilishwa na Dinosaur Polo Club ya New Zealand Novemba 2015, na ikauzwa Steam na GOG pia. Kuanzia hapo mtunzi mmoja alikuwa na matoleo mawili ya kazi moja: lililo chini ya uangalizi wa programu ya duka, na lililo huru.

Historia ya maduka haya kwa kawaida husimuliwa kama ushindi wa mnunuzi, na kwa upande wa ufunguo ni kweli. Lakini toleo huru halikuondoa mlinzi peke yake. Liliondoa pia mtunza ghala, na kila mtunzi wa mchezo akaachiwa kuijaza nafasi hiyo kadiri alivyoona inafaa.

5.0 Vyanzo vya Tatizo katika Matoleo Huru

5.1 Ombi lisilo na mpokeaji

Chanzo cha kwanza ni msimbo uliotungwa ukitegemea programu ya duka. Mchezo unapoomba faili lihifadhiwe, programu hiyo hurudisha jibu la ndiyo au hapana. Katika toleo huru programu hiyo haipo, hivyo mtunzi hana budi kuandika njia mbadala. Asipoiandika kikamilifu, au asipoliangalia jibu la hapana, mchezo huendelea kana kwamba umehifadhi. Mchezaji huona ngazi zikifunguka, hufunga kompyuta, na kesho yake huanza ngazi ya kwanza. Hitilafu ya aina hii ni ngumu kugunduliwa na mtunzi, kwa kuwa kompyuta anayofanyia kazi ina programu ya duka iliyo wazi muda wote.

5.2 Folda moja, matoleo mawili

Chanzo cha pili kinahusu mahali pa kuandika. Injini ya Unity, iliyotumika kutengeneza Mini Metro na michezo mingine mingi midogo, humpa mtunzi folda ya kudumu inayotajwa kwa jina la kampuni na jina la mchezo. Kwenye Windows folda hiyo huwa ndani ya AppData, ambayo kwa kawaida imefichwa. Kwenye Linux huwa ndani ya folda ya mipangilio inayoanza kwa nukta, nayo haionekani. Kwa kuwa majina hayo hayabadiliki kutoka duka hadi duka, toleo la Steam na toleo huru yanaweza kushiriki folda moja bila mchezaji kujua. Hilo huonekana kuwa neema mpaka matoleo yanapopishana. Duka kubwa hupokea marekebisho siku yanapotoka, lakini mwenye kisakinishi alichokihifadhi mwaka jana ana programu ya mwaka jana. Toleo jipya likiandika faili kwa muundo mpya, la zamani hushindwa kulisoma, na baadhi ya michezo hulichukulia faili lisilosomeka kuwa halipo, kisha huandika jipya juu yake.

Unity humpa mtunzi pia njia fupi ya kuhifadhi mambo madogo, ambayo kwenye Windows huyaandika katika rejista ya mfumo. Mtunzi akiitumia njia hiyo kuweka orodha ya ngazi zilizofumbuliwa, mchezaji anaweza kunakili kila folda aliyonayo na bado akapoteza orodha hiyo, kwa kuwa haimo katika folda yoyote.

5.3 Kifurushi kisichofunguliwa

Chanzo cha tatu ni namna toleo huru linavyomfikia mnunuzi. Michezo mingi midogo hutolewa kama faili moja lililobanwa, bila kisakinishi. Kwenye Windows, mchezaji anaweza kuubofya mchezo akiwa bado ndani ya kifurushi hicho. Mfumo huutoa na kuuweka katika folda ya muda. Mchezo wa faili moja huendeshwa bila shida, huhifadhi kando yake, na kumbukumbu hutoweka folda ya muda inaposafishwa. Programu ya duka ingemwamulia mchezaji pa kuuweka mchezo. Katika toleo huru uamuzi ni wake, na huufanya mara nyingi bila kujua kwamba ameamua.

5.4 Kuandika kusikokamilika

Chanzo cha nne hakitokani na kufuli, lakini kukosekana kwa nakala ya wingu hukifanya kiwe kizito zaidi. Mchezo unaofuta faili la zamani kisha kuanza kuandika jipya huacha muda mfupi ambapo hakuna faili lililo kamili. Umeme ukikatika katika muda huo, kinachobaki ni faili tupu. Kinga yake inajulikana: kuandika faili jipya kwa jina la muda, kuhakikisha limekamilika, ndipo kulibadilisha jina lichukue nafasi ya la zamani. Kundi hilihili lina hitilafu za namba. Mchezo unaoandika kasi ya treni kuwa 0.5 kwenye kompyuta yenye mipangilio ya Kiingereza unaweza kuandika 0,5 kwenye kompyuta yenye mipangilio ya Kijerumani, na faili lililohamishwa kutoka moja kwenda nyingine likasomwa vibaya au likakataliwa.

6.0 Mjadala

Inaweza kupingwa kwamba makala haya yanalisifu kufuli kwa mlango wa nyuma. Pingamizi hilo lina uzito, kwa hiyo linastahili kujibiwa. Wingu la muuzaji nalo hupoteza kumbukumbu. Kompyuta mbili zikiwa na mafaili tofauti, mfumo humtaka mchezaji achague moja, naye anaweza kuchagua lililo tupu. Akaunti ikifungwa, ghala hufungwa pamoja nayo. Aidha, huduma ya kuhifadhi haihitaji kufuli: programu ya GOG Galaxy hutoa hifadhi ya wingu kwa hiari ya mnunuzi, na anayetaka kisakinishi kisicho na programu hiyo anakipata. Kufungamanishwa kwa ulinzi na utunzaji kulikuwa tukio la kihistoria katika ukuaji wa maduka, na hakuna ulazima wa kiufundi unaoviunganisha.

Ushahidi wa jambo hili unapatikana kwa jirani wa michezo hii. OpenTTD, mradi huria ulioanza mwaka 2004 ukiiga Transport Tycoon Deluxe, si chemshabongo kwa maana kamili, lakini reli ndiyo uti wa mgongo wake. Mradi huo hauna muuzaji wala kufuli, na bado unaweza kufungua mafaili ya hifadhi ya mchezo wa asili wa miaka ya 1990. Kinachouwezesha ni nidhamu: kila faili hutaja toleo la muundo wake, na programu mpya hubeba maelekezo ya kusoma miundo ya zamani. Wachezaji wenyewe pia wameziba sehemu ya pengo. PCGamingWiki, iliyoanza mwaka 2012, huorodhesha mchezo baada ya mchezo mahali faili la hifadhi linapokaa katika kila mfumo endeshi na katika kila duka. Kuwapo kwa orodha hiyo ni ushahidi kwamba maarifa hayo hayakuwa yakitolewa pamoja na bidhaa.

Suala hili linazigusa pia taasisi za uhifadhi. Mwaka 2015 Marekani iliruhusu maktaba, makumbusho na hifadhi za nyaraka kuvunja kufuli la michezo ambayo seva zake za uthibitisho zimezimwa. Ruhusa hiyo ilihusu uwezo wa kuuendesha mchezo. Toleo huru huipa taasisi uwezo huo tangu siku ya kwanza, na kwa sababu hiyo ni rahisi kudhani kwamba kazi imekwisha. Lakini mtafiti atakayetaka kujua jinsi watu walivyofumbua mafumbo ya reli katika miaka ya 2010 hatalipata jibu katika kisakinishi. Jibu limo katika mafaili ya hifadhi: njia zilizochorwa, zilizoachwa nusu, na zilizofanikiwa kwa namna ambayo mtunzi hakuitarajia.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha kumbukumbu ya mchezaji ikihama kutoka mezani hadi kwenye daftari, kutoka kwenye daftari hadi kwenye folda ya mchezo, kisha hadi kwenye folda iliyofichwa na kwenye seva ya muuzaji. Katika kila hatua ilipata nafasi ya kubeba mambo mengi zaidi, na katika kila hatua ilimwia mwenyewe vigumu zaidi kuiona. Toleo huru lilimrudishia mchezaji mamlaka juu ya programu, lakini kumbukumbu halikumrudishia kwa ukamilifu uleule.

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza kwamba toleo lisihesabiwe kuwa huru kikamilifu mpaka litimize masharti matatu kuhusu hifadhi: mahali pa faili patajwe wazi kwa mnunuzi, faili liweze kusomwa na kuhamishwa bila programu ya duka, na faili litaje toleo la muundo wake ili toleo la zamani likatae kuliharibu. Kwa upande wa hifadhi za nyaraka, inapendekezwa kwamba rekodi ya kila mchezo ioneshe mahali pa faili la hifadhi katika kila mfumo endeshi, na kwamba mafaili ya wachezaji yakusanywe kwa ridhaa yao pamoja na programu. Kisakinishi kikitunzwa peke yake, watakaokuja watakuwa na reli zisizo na treni hata moja iliyowahi kupita.